Pa Kushika: Kumuaga Mzee Kiganja wa Karakana ya Boti

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, king'ora cha jioni kikilia, Mzee Kiganja atavua ovaroli yake na kuitundika kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutengeneza boti za matanga za faiba katika karakana yetu. Uongozi umeniomba mimi, fundi matanga, niandike wasifu wake wa ukurasa mmoja uwekwe kwenye ratiba ya sherehe. Ukurasa mmoja! Ubishi wake peke yake unajaza kurasa mbili. Mniwie radhi, nitazidisha.

Kwa wageni waalikwa wasiomfahamu, Mzee Kiganja ni yule mrefu anayeinama kila mlango, mwenye pengo la jino la mbele, ambaye akisalimiana na mtu mkono mwingine tayari unapapasa meza iliyo karibu kuona kama pembe zake zimelainishwa. Jina hilo alipewa kwa sababu haamini kitu mpaka akipitishie kiganja. Ukimletea chai, hupapasa kikombe kwanza. Nyumbani kwake ameweka vishikio ukutani kuanzia barazani hadi bafuni, na wakwe zake walipomtembelea mara ya kwanza waliuliza kwa upole ni nani anayeumwa.

Boti yetu, kwa mnaoiona tu ikipita barabarani juu ya trela, ni boti ya safari ndefu. Si ya mashindano, wala si ya kutembeza watu Jumapili. Imeundwa ili watu wawili waishi ndani yake wiki baada ya wiki, mbali na nchi kavu, na warudi wazima. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo kazi aliyoifanya Mzee Kiganja miaka yote hii. Mwaka juzi yalimgeukia yeye mwenyewe, kwa kuwa mmoja wa hao wawili alikuwa binti yake, na kwa muda hatukujua kama angerudi. Nitafika huko. Kwanza tumwone alivyoanza.

Alikuja kwetu akiwa seremala wa makabati, na alikuwa na dharau kidogo kwa faiba. Alisema ni kitambaa tu. Kweli ni kitambaa, cha nyuzi za kioo, laini mkononi lakini kinawasha kuliko upupu. Ukikilowesha kwa rezini, ule utomvu wetu mzito unaonuka hadi nyumba ya tatu, kinakauka na kuwa kigumu ajabu. Wiki ya kwanza alijimwagia rezini kuanzia kiunoni kwenda chini, akavua ovaroli akaiegemeza ukutani, akaenda zake nyumbani. Asubuhi tuliikuta imesimama yenyewe, magoti yamekunjwa kidogo, kama mtu anayetafuta kiti. Kila aliyeingia aliiamkia shikamoo. Tangu siku hiyo Mzee hakusema tena kwamba faiba ni kitambaa tu.

Akajifunza, na alipojifunza hakukamatika. Boti ya faiba hutengenezwa kinyume na vitu vyote ninavyovijua, maana huanzia nje kwenda ndani. Kuna kalibu, bakuli kubwa lenye umbo la boti, refu kuliko basi. Kalibu husuguliwa nta kwa mkono mpaka unajiona uso wako ndani yake. Kisha hupakwa rangi nzito nyeupe, na hiyo ndiyo itakayokuwa ngozi ya boti. Baada ya ngozi ndipo zinapowekwa nyama: tabaka la kitambaa, rezini, tabaka jingine, rezini tena, huku mafundi wakisukuma rola kufukuza viputo vya hewa. Kiputo kimoja kikibaki, miaka kadhaa baadaye maji yatakipata na boti itaota lengelenge. Mzee Kiganja alifukuza viputo kama mtu anayefukuza wezi. Rola ikimaliza, alipita yeye na glavu, polepole, kichwa ameinamisha pembeni kama anayesikiliza. Katika boti zote zilizopita chini ya kiganja chake, hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa kwetu na malengelenge.

Mimi nimeshona matanga miaka mingi na sishtuki ovyo, lakini siku ya kutoa bodi, yaani mwili wa boti, kwenye kalibu nasimamisha cherehani na kwenda kutazama. Winchi inakaza minyororo, watu wanagonga kalibu kwa nyundo za mpira, halafu unasikia sauti kama ya shuka jipya linalochanwa. Bodi inainuka. Inatoka inang'aa, nyeupe, haina alama ya mkono wa mtu, na hakuna aliyeipiga rangi baada ya kukauka. Dakika moja iliyopita palikuwa na shimo tu pale, na sasa kuna boti. Kila mara watu wananyamaza, hata wale wenye midomo yao. Mzee Kiganja, ambaye ameiona siku hiyo mara zisizohesabika, bado huvua kofia.

Na ukiielewa boti yenyewe, ndipo unapoishiwa maneno. Mkuku wake, yaani lile pezi kubwa chini ya tumbo, umejazwa risasi, ile metali nzito, na uzito wake unapita theluthi moja ya uzito wa boti nzima. Upepo ukiilaza boti ubavu, risasi ile inaivuta irudi. Hata bahari ikiipindua kabisa, risasi haina habari na vurugu hizo. Yenyewe inataka chini tu, na kwa kutaka kwake chini, mlingoti unarudi juu. Nimeelezwa jambo hili mara nyingi, nimechorewa ubaoni kwa chaki za rangi mbili, na bado nikilifikiria nastaajabu kama siku ya kwanza.

Usukani wake hauning'inii peke yake nyuma. Umeegemezwa kwenye pezi dogo lililotangulia mbele yake, ili gogo likigonga, ligonge pezi kwanza. Kibaraza cha wazi anapokaa mshika usukani ni kidogo makusudi, na kina matundu mawili makubwa, wimbi likikijaza maji yaondoke mara moja. Mlango wa kushukia ndani una kizingiti kirefu ambacho wageni wote hukilalamikia mpaka waelezwe kwamba kimewekwa kuzuia bahari isikaribishwe chumbani. Ndani, jiko limetundikwa kwenye ekseli mbili, boti ikilala jiko linabaki wima na birika la chai halimwagiki. Vitanda ni vyembamba, na kila kimoja kina kitambaa imara cha pembeni kinachofungwa juu ili aliyelala asiporomoke. Vitambaa hivyo tunashona sisi, naomba mvitazame mkipanda. Matangi ya maji yako chini ya sakafu, kwa sababu kila kizito katika boti hii kimeambiwa kikae chini.

Sasa niseme kuhusu pengo. Boti zetu za mwanzo zilikuwa na ukumbi mpana ndani. Mchoraji, yaani mhandisi wetu anayechora boti, rafiki mkubwa wa Mzee Kiganja na mpinzani wake mkubwa zaidi, aliuchora mpana kwa sababu mnunuzi akiingia bandarini anataka kuona nafasi. Siku moja wawili hao walitoka na boti mpya kuijaribu, bahari ikachafuka. Wimbi likaipiga boti ubavuni, na Mzee akaruka kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi wa pili bila kugusa chochote njiani. Alichokuja kukigusa ni ukingo wa meza ya ramani, kwa jino. Alirudi karakana ameshikilia leso mdomoni, akapita watu wote bila salamu, akamwambia Mchoraji kwa mluzi wa pengo jipya kwamba ndani hamna pa kushika. Mchoraji, ambaye naye alikuwa na nundu kama yai, hakubisha siku hiyo. Ukumbi ukachorwa upya, mwembamba, ili anayeyumba akutane na kitu kabla hajapata kasi.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi yetu ya kupita giza, ambayo sijaisikia kwingine. Boti ikikamilika huteremshwa majini kwenye gati. Kamba hufungwa ncha ya mlingoti na kuvutwa mpaka boti inalala ubavu. Kisha Mzee Kiganja hufungwa kitambaa machoni na kupita ndani, kutoka ngazi ya mlangoni hadi kitanda cha mbele kabisa, akinyoosha mkono kila hatua. Mkono ukikuta kishikio, anaendelea. Mkono ukikuta hewa, anapiga kelele: "Hewa!" Anayemfuata anaweka alama ya chaki, na pale kitafungwa kishikio, bolti ipite mpaka upande wa pili, na bamba la chuma nyuma yake. Boti haiondoki gatini mpaka ipitwe kimya. Wanunuzi wengine hudhani tunafanya mzaha, na kusema kweli ukimwona mtu mzima mrefu vile amefungwa kitambaa anatambaa huku anapiga kelele hewa, hewa, utamsamehe anayecheka.

Lakini desturi hiyo ilikuwa na kosa ndani yake, na ilichukua miaka kulijua. Aliyelijua ni mkewe. Tunamwita Mama Nusu, kwa jina la binti yao, na ndiye anayeshona magodoro na foronya za vitandani, cherehani yake iko mkabala na yangu. Siku hiyo alipanda botini na futi ya kupimia, akamkuta mumewe anajisifu kwamba katika boti hii hata ukizimiwa taa zote huanguki. Mama Nusu, ambaye akisimama kando ya mumewe anamfikia kwenye kwapa, aliomba kitambaa. Akajifunga mwenyewe. Hatua ya kwanza, hewa. Ya pili, hewa. "Hewa, Baba Nusu! Hewa tena!" Vishikio vyote vilikuwapo, ila vilikuwa vimefungwa panapofika mkono wa mumewe. Kwenye pembe ya jiko mkono wake ulipita chini ya kishikio, akateleza, akakaa kitako kwenye boksi la spana. Kitambaa kikiwa bado machoni, akauliza kwa sauti iliyofika hadi gatini: "Boti hii mmemtengenezea nani, twiga?"

Karakana nzima ilivunjika mbavu. Mzee hakucheka. Kantini hakuonekana siku ile wala iliyofuata, na sisi tukadhani amenuna. Kumbe alikuwa anazifikiria boti zote zilizokwisha kuondoka, na wake, na mabinti, na wazee waliomo ndani yake, wananyoosha mikono na kukuta hewa. Aliporudi alitoa amri mpya: kila boti itapitwa mara mbili, mara moja kwa mkono mrefu na mara moja kwa mkono mfupi. Zile zilizokuwa karibu alizifuata mwenyewe na drili yake, akafunga vishikio vya ziada bila kuombwa. Zilizokuwa mbali alizitumia vishikio kwa vifurushi, pamoja na maelekezo makali.

Kwenye pembe ya jiko, usawa wa kiuno cha Mama Nusu, kikafungwa kishikio kifupi kinene cha mbao ngumu. Mchoraji alilalamika kwamba kinaharibu mstari wa kabati, kimejitokeza kama pua. Mzee akamjibu kwamba pua ina kazi yake, na kama anabisha azibe yake kwanza ndipo waendelee na mazungumzo. Kishikio kikabaki. Mafundi wote wanakiita cha Mama.

Sasa nimefika pale nilipoahidi. Binti yao tulimwita Nusu Mita tangu alipokuwa anakuja karakana wakati wa likizo za shule, na alipokua hakutupa sababu kubwa ya kubadilisha jina. Urefu ni wa mama yake. Ubishi ni wa baba. Akawa fundi wa milingoti na kamba, anapanda juu ya mlingoti huku anaimba, na baba yake chini anajifanya anatafuta kitu sakafuni ili asitazame. Mwaka juzi mnunuzi wa mbali sana alitaka boti yake apelekewe kwa njia ya bahari. Nahodha aliyekodiwa alihitaji msaidizi mmoja. Nusu akanyoosha mkono.

Mzee alikataa. Alikuja kwenye chumba chetu cha kushonea, akamkuta binti yake anapokea matanga, akaanza kutoa sababu: msimu si mzuri, nahodha hamfahamu vizuri, redio ile ina mikwaruzo, mama yako hayupo. Ni kweli, Mama Nusu alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake. Nusu alimsikiliza mpaka mwisho, heshima zote, kisha akamuuliza taratibu: "Baba, kwa hiyo boti zako ni nzuri kwa watoto wa wenzio tu?"

Nilijifanya nina uzi wa kutunga. Mzee akatoka. Baadaye akarudi na mkanda wa kujifungia botini, akamvalisha binti yake mwenyewe na kukaza kila kifungo.

Boti ile ilikuwa na mstari wa kijani ubavuni. Mzee aliipita giza mwenyewe, kimya kutoka ngazi hadi mbele. Ikaja zamu ya mkono mfupi, na kwa kuwa mama hakuwapo, akapita Nusu. Kitambaa nilimfunga mimi. Alipita haraka, anacheka, mguu mwepesi kama anaenda kucheza, na hakusema hewa hata mara moja. Akatoka upande wa pili akatangaza kwamba iko sawa kabisa. Maji yalipojaa wakaondoka, na mstari wa kijani tukautazama mpaka ukapotea.

Kila asubuhi walituma taarifa kwa redio, na Mzee aliipokea huku amesimama. Halafu zikatangazwa habari za dhoruba kubwa upande waliko. Asubuhi iliyofuata redio ilikuwa kimya. Na iliyofuata. Tukaanza kutembea karakana kwa kunyata, kama nyumba yenye mgonjwa.

Mzee Kiganja hakukosa kazi hata siku moja. Alikuja, akavaa ovaroli, akapanda ndani ya boti iliyokuwa ikitengenezwa, pacha wa ile ya mstari wa kijani, akakaa humo anapapasa. Ukimpelekea chai, alikusimulia, bila kuulizwa, ile nyingine ilivyojengwa. Tabaka za chini ya maji aliziweka kwa mikono yake. Vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti alivizamisha ndani ya bodi yeye mwenyewe. Mkuku aliugonga kila mahali kwa mpini wa bisibisi na ulijibu vizuri. Yote hayo aliyajua, na yote yalimpa moyo. Jambo moja tu hakulijua, na hilo ndilo lililokuwa likimla.

Alinifuata mimi. Aliniuliza kama siku ile kitambaa kilikuwa kimeziba macho sawasawa. Nikamwambia nilikifunga mwenyewe, kilikuwa hakipitishi hata uzi wa mwanga. Akatikisa kichwa. Akauliza: "Alikuwa anapapasa, au alikuwa anakumbuka?" Nikamwelewa. Nusu aliifahamu boti ile kwa moyo, alikuwa na haraka ya safari, na mtu anayekumbuka hahitaji kishikio. Mtu anayerushwa hana nafasi ya kukumbuka. Kama palikuwa na hewa mahali fulani na hakuisema, angekuja kuisema huko, peke yake, gizani. Mzee akarudi kwenye boti pacha.

Mama Nusu alirudi siku hizo. Hakulia mbele yetu. Alikaa kwenye cherehani yake, akashona foronya, akaifumua, akaishona tena ile ile. Mchana alimfuata mumewe ndani ya boti pacha na sahani ya chakula, akakaa naye mpaka ale.

Simu ililia ofisi ya stoo asubuhi moja wakati tunaweka tabaka. Mwenye stoo alitoka mbio anapunga mikono, hawezi hata kutamka. Mzee Kiganja alikimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Glavu zilikuwa zimelowa rezini na hakuzivua, akaukamata mkono wa simu hivyo hivyo, na hadi leo simu ile ina alama za vidole vinne zilizogandia. Tukajazana mlangoni. Laini ilikuwa mbaya, lakini sauti ya Nusu ilisikika hadi kwetu, nyembamba, inaita Baba, Baba.

Baba gani mwingine asingeuliza u mzima? Yeye aliuliza: "Ulishika wapi?"

Pakawa na mikwaruzo. Kisha Nusu akasema: "Cha Mama."

Mzee alikaa chini pale pale, kati ya makopo ya rangi, akalia kwa sauti. Mama Nusu alijaribu kumnyang'anya simu, ikawa haitoki mkononi, ikabidi aongee na mwanawe huku amelaza sikio kwenye ngumi ya mumewe. Mchoraji aligeukia ukutani. Tulicheka na kulia kwa pamoja, na tabaka la siku ile likakauka bila mtu, tukalikata lote na kuanza upya. Hakuna aliyelalamika.

Baadaye Nusu alitusimulia. Nahodha alikuwa juu kwenye usukani, amejifunga mkanda, na yeye alikuwa chini anajiandaa kwenda kumpokea. Wimbi likaichukua boti na kuilaza hadi mlingoti ukaingia majini. Taa zikazimika. Sakafu ikawa ukuta. Anasema hakufikiria chochote. Mkono ulinyooka wenyewe kwenye pembe ya jiko, usawa wa kiuno, na ukakuta mbao nene. Akaning'inia pale kwa mkono mmoja juu ya giza, sufuria na vitabu vikimpita kwenda chini, chini ambako naye angekwenda. Na hapo ndipo alipoisikia risasi. Anasema huwezi kuisikia, lakini yeye aliisikia. Boti ilitulia kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, halafu ikaanza kuinuka. Polepole, haina haraka, maji yanamwagika kutoka kila mahali juu ya sitaha, mpaka sakafu ikawa sakafu tena na miguu yake ikawa juu yake. Jiko, anasema, lilikuwa bado linabembea wima.

Alipopanda juu alimkuta nahodha bado amefungwa pale pale, lakini bega limetoka. Ncha ya mlingoti ilikuwa imepoteza antena, ndiyo maana redio ilinyamaza. Mlingoti wenyewe ulisimama. Kwa siku zilizofuata, Nusu Mita peke yake alishika usukani, akapunguza matanga, akapika, akamlisha mgonjwa, mpaka wakaiona nchi kavu. Angekuwa amevunjika mguu kule chini, wasingerudi wote wawili. Kishikio kile hakizidi urefu wa kiganja changu. Nimekwenda kukishika mara nyingi tangu siku hiyo, nikifikiri hakuna anayeniona.

Siku aliyorudi, baba yake alimkumbatia, akamlisha, akamwacha alale. Kesho yake alimchukua hadi boti pacha, iliyokuwa imeshateremshwa majini, ikavutwa ubavu, na akampa kitambaa. Safari hii Nusu hakucheka. Alipita taratibu, anapapasa kila hatua, na mbele ya mlango wa choo akasimama. "Hewa," akasema. Halafu akakiri mbele yetu sote kwamba siku ile nyingine alikuwa anakumbuka. Mzee hakumgombeza. Alichukua chaki, akaweka alama mwenyewe. Tangu hapo boti zetu zote zina kishikio kimoja zaidi, na hicho ni cha Nusu.

Sasa ratiba. Ijumaa, kabla ya hotuba, tutakwenda gatini kuipita giza boti mpya. Mzee Kiganja atapita kwa mkono mrefu mara ya mwisho. Kisha atamkabidhi kitambaa binti yake, ambaye ndiye msimamizi wetu mpya wa ukaguzi, na Mama Nusu ameahidi kuendelea kupita mpaka tumpate mfupi kuliko yeye, jambo ambalo anasema haliwezekani.

Zawadi yetu kwake mtaiona imeelea mbele yenu. Boti hiyo inapelekwa kwa mnunuzi wake kwa njia ya bahari, nahodha ni Nusu, na tumewaombea wazazi wake nafasi mbili ndani yake. Mzee alipoambiwa alianza kutoa sababu: mgongo, msimu, bustani yake. Katika miaka yote hii hajawahi kulala baharini hata usiku mmoja, na nadhani alikuwa na hofu ambayo hakutaka tuione. Nusu alimsikiliza mpaka mwisho, heshima zote, kisha akamuuliza: "Baba, kwa hiyo boti zako ni nzuri kwa watoto tu?" Ameshapaki begi. Mama Nusu amekubali kwa sharti kwamba yeye hapiki.

Mzee wetu, asante kwa kila kiputo ulichokifukuza na kila pembe uliyoilainisha. Kuna watu wako nyumbani kwao leo, wanakunywa chai na watoto wao, hawajui jina lako, na wamerudi kwa sababu mkono wako ulitangulia kupita gizani kabla ya wao. Sisi tulifanya kazi kando yako na bado hatujazoea. Nenda salama na Mama Nusu wako, nenda ukaione bahari uliyoipigania miaka yote ukiwa nchi kavu. Huko na kokote, kila utakaponyoosha mkono, tunakuombea ukute pa kushika.